Chumba cha Dakika Saba

Tunduma hakuna anayekuuliza unakaa mbali kiasi gani na kazini. Wanakuuliza mkia uko wapi. Mkia ni mwisho wa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, na kila asubuhi unalala mahali pengine. Siku nzuri unaishia hapo hapo mjini. Siku mbaya unapita Mpemba na kuendelea kurudi nyuma, kama vile malori yameghairi safari na yanataka kwenda kwao. Mtu akisema, "Leo mkia uko Mpemba," kila anayemsikia anajua atafika kazini saa ngapi na akiwa ananuka nini.

Mimi ilinichukua muda kulielewa hilo kwa sababu nilikuja na kilomita kichwani. Nilikuwa nimepata kazi kwa wakala wa forodha, ofisi ya vyumba viwili jirani na mpaka, baada ya kukaa sana nyumbani Itaka nikichuma kahawa huku cheti changu cha chuo kikuu kikiwa chini ya godoro la mama kisije kikatafunwa na panya. Kazi ilikuwa ya majaribio, miezi mitatu. Siku ya kwanza bosi, mtu mzima mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kuipandisha hata akikasirika, aliniketisha akanieleza utaratibu.

"Hapa tunafungua saa moja kamili," alisema. "Nimeshaachana na wenye digrii wawili kwa ajili ya kuchelewa. Sikuwafukuza. Walijifukuza wenyewe, mimi nikawafungulia mlango tu."

Hofu niliyotoka nayo haikuwa ya bosi peke yake. Baba alikuwa ameshatoa shukrani kanisani. Alikwenda mbele ya usharika mzima na debe la mahindi na jogoo, akasema Mungu amemkumbuka binti yake. Kwetu ukishatolewa shukrani hadharani, jambo lako si lako tena, ni la usharika. Nikaanza kuwaza: nikiachishwa, baba atasimama tena mbele kusema nini? Kuna ibada ya kurudisha shukrani? Na mahindi je? Jogoo alikuwa ameshaliwa.

Wakati huo nilikuwa nakaa Nanyala kwa shangazi, dada yake baba. Nyumba yake iko kando ya barabara kuu, na kwa kuitazama barabara ile mtu unaweza kudhani imenyooka mpaka ofisini kwangu. Nilikuwa naondoka giza bado halijaisha. Mwendo ulikuwa mzuri mpaka Vwawa, mzuri mpaka mbele kidogo, halafu gari linapunguza mwendo, linasimama, dereva anazima injini, na abiria wanaanza kuulizana mkia uko wapi. Wenye haraka tulikuwa tunashuka na kutembea kandokando ya malori.

Hapo ndipo nilipojua kwamba watu wanaishi ndani ya foleni. Wanapika chini ya tela, wanafua, wanapiga mswaki na kutema karibu na viatu vya wapita njia. Na wanakojoa kwenye chupa za maji ya kunywa. Wanakaza vifuniko vizuri, kwa uangalifu wa ajabu, halafu wanazirusha dirishani. Njia nzima ya watembea kwa miguu ilikuwa na chupa za njano kwenye majani, nyingine mpya, nyingine zimepigwa na jua mpaka zimevimba. Nilijifunza kutembea nikitazama chini. Nilijifunza kupumua kwa mdomo, halafu nikawaza kwamba nikipumua kwa mdomo basi ninaimeza ile hewa, nikarudi kwenye pua.

Asubuhi moja ya baridi na ukungu nilikanyaga moja. Sikuiona. Kifuniko kiliruka, na kilichokuwa ndani kikanirukia mguuni mpaka kwenye goti, kikaingia kwenye kiatu. Kilikuwa bado cha vuguvugu. Hilo ndilo lililonishinda, ule uvuguvugu. Maana yake mwenyewe alikuwa hapo juu yangu, kwenye kiti chake, amepumzika. Nilisimama nikitazama milango ya malori mmoja baada ya mwingine, na kila dereva alikuwa na uso wa mtu ambaye hajafanya chochote.

Niliosha mguu kwa maji ya mwuza uji na kufika ofisini dakika chache kabla ya saa moja. Bosi aliinua kichwa, akanusa, akanyanyuka kufungua dirisha, akarudi kukaa. Afadhali angenigombeza. Siku nzima nilikaa na soksi ile ikinikaukia mguuni, nikijibu simu za wateja, na kila mtu aliyeingia nilimtazama puani.

Jioni ile nikaamua kuhama.

Kuamua kuhama ni rahisi. Kuamua pa kuhamia kulininyima usingizi. Shangazi alikuwa na jibu tayari: Mpemba. Alikuwa anamfahamu mjane mmoja wa kanisani kwao aliyekuwa na chumba kisafi, ua umefagiliwa, choo chake kina mlango unaofunga. Mpemba ni nje ya mji, kuna hewa. Lakini mimi niliwaza mkia. Mkia ukiwa mfupi, kutoka Mpemba unafika mjini bila shida. Ukiwa mrefu, unatembea sambamba na foleni yote, chupa zote, kwenda na kurudi. Ukipanda bodaboda, inapenya kati ya lori na mtaro, na nilikuwa nimeshaona magoti ya watu waliopenyezwa hivyo. Halafu niliwaza mvua, nikawaza lori kuanguka na kuziba njia, nikawaza mjane mwenyewe kuugua asubuhi na mimi kulazimika kumpeleka hospitali. Kila nilipoondoa balaa moja lilibaki pengo, na kwenye pengo nikaweka balaa lingine.

"Wewe binti, unatafuta nyumba au unatafuta saa?" shangazi aliniuliza. Alikuwa anamenya viazi.

"Natafuta karibu, shangazi."

"Karibu na nini? Na walevi wa mpakani?"

"Karibu na kazi."

"Kazi yenyewe ya miezi mitatu." Alitupa kiazi kwenye sufuria kama anakiadhibu. "Haya. Baba yako akiniuliza, nitasema nilikwambia Mpemba."

Nikatafuta dalali. Alikuwa mtu wa makamo aliyetafuna karanga muda wote wa shughuli yetu, na kwa kuwa alipenda kuongea akiwa amekusogelea, sehemu ya karanga zile nilirudi nazo Nanyala kwenye mikono ya sweta. Kwake yeye kila chumba kilikuwa hapo tu. Tulitembea mpaka jasho likanitoka, tukapanda kilima, tukashuka, na bado tulikuwa tunakwenda hapo tu.

"Kutoka hapa mpaka mpakani ni dakika ngapi?" nilimwuliza kwenye chumba cha kwanza, ambacho kilikuwa na kinyesi cha popo ukutani kama mtu amepiga rangi kwa uvivu.

"Dakika mbili."

"Kwa miguu?"

"Kwa mtu mwenye haraka."

"Mbona tumetembea muda mrefu kutoka huko?"

"Tulikuwa hatuna haraka, dada."

Chumba cha tatu kilikuwa nyuma ya soko, kwenye ua mmoja na wapangaji wengi, karibu sana na mpaka. Kutoka getini unaona mabati ya Nakonde, mji wa Zambia wa upande wa pili. Kuta zilikuwa zinatoa jasho. Dirisha lilikuwepo, ila lilifunguka likitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa, na mimi niliugusa, nikajuta, kwa sababu ulikuwa na utelezi. Kwenye kona kulikuwa na nywele za mtu aliyepanga kabla yangu, zimeviringana kama kiota.

Mama mwenye nyumba alikuja na kitenge kifuani, akiwa anatoka kuuza vitu vyake Nakonde. Alikuwa amefanya biashara na Wazambia miaka mingi mpaka kila sentensi yake iliishia na "mukwai", neno lao la heshima, hata pale ambapo hapakuwa na heshima yoyote.

"Choo ni kile pale, mukwai. Bafu ni humo humo."

Mlangoni pa choo kulikuwa na jozi moja ya ndala. Ya kushoto kamba yake ilikuwa imeshonwa kwa waya. Zote mbili zilikuwa zimelowa, na kwa jinsi zilivyokuwa laini na nyeusi pembeni, zilikuwa hazijawahi kukauka.

"Hizi ni za nani?" niliuliza.

"Za nyumba. Hapa hatuingii chooni na viatu vya nje, tunachafua. Unavaa hizo, unatoka, unaziacha kwa mwenzako."

Dalali alikuwa anatafuna. Upande mmoja wa mzani niliweka mkojo wa barabarani, upande mwingine nikaweka mkojo wa ndala, na nikajiambia kwamba angalau huu wa hapa utakuwa wa watu ninaosalimiana nao. Halafu nikawasha kipima muda cha simu na kutembea mpaka ofisini. Nikarudi, nikatembea tena polepole, kama mtu mwenye malaria. Nikarudi, nikatembea nikiwa nimebeba mkoba umejaa. Dalali alikaa getini akinisubiri na kuwaambia wapangaji, "Huyu ni msomi, anapima." Kila mara ilikuwa dakika saba, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Njia nzima haikugusa foleni. Sikuwa tena na habari na mkia, ungeweza kufika Mbeya.

Nikasema nakichukua. Kodi ilikuwa ya miezi sita kwa mpigo, kama kawaida ya wenye nyumba wetu, na nikailipa kwa akiba ya kahawa ambayo mama alinipa ninunulie kitanda. Kitanda nikaamua kitasubiri.

Ijumaa nilimwambia bosi kwamba nahamia nyuma ya soko. Nilidhani nitaona furaha usoni kwake. Alichukua bahasha kubwa ya nyaraka akanikabidhi.

"Jumatatu lori letu linaingia getini likiwa la mbele. Wanafungua saa moja. Dereva akifika pale bila hizi karatasi wanamweka pembeni, wengine wanapita, na anaanza kusubiri upya. Kaa nazo wewe. Sasa wewe ndiye wa karibu."

Neno lile, wa karibu, nililibeba pamoja na bahasha.

Jumapili nilihamisha vitu vyangu baada ya ibada. Shangazi alinisindikiza mpaka barabarani. Chumbani nilisugua sakafu mara nne, na kila nilipomwaga maji yalikuwa na rangi ileile. Nilizitoa zile nywele kwa kijiti. Jioni, nikiwa nimekaa kwenye godoro, simu iliingiza ujumbe wa kunikaribisha Zambia na kunitakia safari njema. Nilicheka, maana nilikuwa nimekaa Tanzania nikinusa ndala za Tanzania. Nikaufuta. Nikatega kengele ya simu saa kumi na moja na nusu, nikatega nyingine ya akiba, na ya tatu ikiwa ile ya akiba itaharibika.

Zote tatu zilifanya kazi. Niliamka, nikajifuta kwa maji ya ndoo pale pale chumbani ili nisivae zile ndala, kisha mwili ukanilazimisha kwenda kuzivaa. Bado naikumbuka baridi yake kwenye nyayo, na jinsi mguu ulivyozama kidogo, kama ndala inaupokea. Nilitoka saa kumi na mbili na dakika arobaini kwa simu yangu. Ukungu ulikuwa mzito, lakini niliona maduka yameshafunguliwa na barabara imejaa watu. Nikasema moyoni, Jumatatu. Nikaona watu wa mjini ni wachapakazi. Nilitembea kwa raha ambayo sikuwa nimeipata tangu nianze kazi, bahasha kwapani.

Karibu na ofisi simu ilianza kutetemeka mkononi. Ujumbe wa simu nilizopigiwa ukaingia mmoja, ukaingia mwingine, ukaendelea kuingia, wote wa bosi. Nilipotazama saa juu ya kioo, ilikuwa saa moja na dakika arobaini na sita. Nikatazama tena. Nilidhani nimeiangalia vibaya mwanzo, halafu nikadhani simu imeharibika, halafu nikamwona bosi amesimama mlangoni, na kwa jinsi alivyosimama nikajua simu haijaharibika.

Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Kila mtoto wa Tunduma analijua hilo. Pale watu wakipeana miadi husema kabisa kama ni saa zetu au saa za kule. Mimi nililijua pia, kama mtu anavyojua kitu cha kujibia mtihani. Nisichokijua ni kwamba ndani ya ua ule mtandao wa kule unashika kwa nguvu kuliko wetu, na simu ikishavuka inabadili saa yenyewe bila kukuamsha kukuuliza. Ndiyo maana hata simu za bosi hazikuniingia. Nilikuwa nimepima kila kitu cha njia ile isipokuwa saa niliyopimia kutoka kitandani.

"Ulipokuwa unatoka Nanyala ulikuwa unafika," bosi alisema. Sauti ilikuwa chini, chini kabisa. "Ukahama. Ukaja hapa nyuma ya soko ili uchelewe kwa ukaribu."

"Samahani, bosi. Simu ilishika…"

"Najua ilishika nini. Lori limewekwa pembeni. Nenda kamwambie dereva mwenyewe, uso kwa uso. Ukirudi tutazungumza."

Nilikwenda. Njiani niliona akilini kanisa letu la Itaka limejaa na baba amesimama mbele mikono mitupu.

Lori lilikuwa limeegeshwa kwenye vumbi kando ya geti, na mengine yalikuwa yanalipita taratibu. Dereva alikuwa mtu wa mvi, amekaa kwenye ngazi ya mlango akiosha uso kwa maji ya kopo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye bahasha?"

"Ndiyo mimi."

"Umelala wapi?"

"Hapo nyuma ya soko."

Alicheka puani, bila furaha. "Simu ikalala Zambia."

"Umejuaje?"

"Hapa simu zinavuka bila pasi, binti. Sisi tunavaa hizi." Alinionyesha saa ya mkononi, ya plastiki, kioo kimekwaruzika. "Hukuletewa ujumbe wa kukaribishwa?"

"Nililetewa. Nikaufuta."

"Kakaribishwa, akafuta," alisema, akilitazama geti. Lori jingine likapita. "Sasa mimi nakaa hapa kesho, labda keshokutwa. Umesoma, si ndiyo? Nionyeshe choo."

Nilitazama huku na huku. Kulikuwa na vibanda, mtaro, malori, ukuta wa yadi.

"Sikioni."

"Tangu Mpemba mpaka hapa umekiona?"

"Sijakiona."

"Haya." Aliingiza mkono chini ya kiti, akatoa chupa tupu ya maji, akaikung'uta matone ya mwisho na kuichomeka mfukoni mwa mlango, mahali ambapo mkono ungeifikia kwa urahisi. Alifanya hivyo akinitazama.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo kinyaa changu kiliisha. Hakikuisha. Mguu wangu ulikuwa bado unaukumbuka ule uvuguvugu. Nilichofanya ni kuongeza watu wa kuwaonea kinyaa: waliopima barabara ile kwa kilomita na tani na hawakukumbuka kwamba mtu ana kibofu, dalali na karanga zake, mama wa mukwai ambaye hakuona haja ya kuniambia jambo la simu, na mwisho kabisa huyu msomi aliyetembea njia moja mara tatu akiwa na kipima muda.

Bosi alikuwa ananisubiri. Hakunifungulia mlango kama alivyowafungulia wale wawili. Alisema majaribio yangu yanaanza upya siku ile, miezi mitatu kamili, ile niliyokwishaifanya haihesabiki, na kwamba kabla ya chakula cha mchana nikanunue saa ya mkono isiyo na laini.

"Na ukimpigia baba yako," aliongeza, "mwambie ukweli. Watu wa Itaka nawajua, asije akaleta jogoo mwingine."

Sikumpigia baba. Nilimpigia shangazi, na kabla sijamaliza alisema, "Mpemba," akakata.

Mama mwenye nyumba aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema kila mpangaji mpya jambo hilo humtokea mara moja, mukwai, na baada ya hapo anakuwa mwenyeji. Kodi yake ilikuwa imeshaliwa kama yule jogoo, kwa hiyo nipo. Nina ndala zangu mwenyewe sasa, kavu, nazibeba kwenda chooni na kurudi nazo, na wapangaji wenzangu wameacha kunisalimia kwa uchangamfu kwa sababu wanaona nawaona wachafu. Wanaona sawasawa. Asubuhi natembea dakika zangu saba nikitazama saa ya plastiki, nafika kufuli la ofisi likiwa bado limefungwa, nasimama nje kwenye baridi nikiwaza kama betri yake itaisha siku gani.

Lori letu liliitwa siku ya tatu. Nilikuwa pale getini na bahasha mapema mno, peke yangu, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Dereva alichukua karatasi, akazikagua, akaitikia shikamoo yangu vizuri kabisa. Lori likaanza kwenda. Lilipofika usawa wangu kioo kilishuka, mkono ukatoka, na chupa ya njano ikaruka juu, ikageuka mara moja hewani na kutua mtaroni, hatua kadhaa kutoka niliposimama. Mkono ukanipungia. Kioo kikapanda.

Huwa nalifikiria sana jambo hili wakati nikisubiri kufuli lifunguliwe. Alikuwa na nafasi ya kutosha kuirusha upande wa pili, ambako hapakuwa na mtu. Lakini pia mtu huyu amerusha chupa maisha yake yote, na kama angetaka kunipata, nadhani angenipata.